Kovu Peke Yake Halitoshi: Jibu kwa Mwalimu wa Wete

Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari Wete ananiandikia hivi:

"Maalim, nimeandika mchezo wa kuigiza na wanafunzi wangu wameucheza mbele ya wazazi. Kijana anatoka Mombasa anakuja Pemba msimu wa karafuu kufanya magendo. Anamlaghai mama mmoja mjane ampe mikarafuu yake rahani kwa pesa kidogo. Hajui kuwa huyo ni mama yake mzazi, aliyempoteza tangu mdogo. Katika onyesho la mwisho kijana anakunja mkono wa shati, mama anaona kovu la moto, anapiga ukelele: 'Mwanangu!' Basi watu wakacheka. Wengine wakasema, 'Sisi tushajua toka mwanzo.' Je, nifiche zaidi? Na mwenzangu ananishauri mama afe palepale kwa mshituko. Nifanyeje?"

Mwalimu mwenzangu, usifiche zaidi. Wazazi wale hawakucheka kwa sababu walijua. Walicheka kwa sababu waliposubiri kuona kujua huko kutawafanya nini mama na kijana, walichopata ni ukelele, kisha pazia.

Nani hapa visiwani hakijui kisa cha Nabii Yusuf? Tumekisoma chuoni kabla hatujajua kuandika majina yetu. Sura nzima, aya 111, na Qur'ani yenyewe inakiita kisa kizuri kuliko vyote. Kila anayesikiliza anajua tangu mwanzo yule mtu wa hazina ya Misri ni nani. Ndugu zake wanaingia kutafuta chakula, yeye anawatambua, wao hawamtambui, na msikilizaji anaambiwa hivyo waziwazi. Hakuna kilichofichwa. Hata hivyo, sheikh akifika pale ndugu wanapouliza, "Kwani wewe ndiye Yusuf?", msikiti mzima unanyamaza.

Mimi nakitazama kisa hicho kama mtu wa kazi ya hadithi, wala sisemi ni mchezo. Kwetu Mitume hawapandishwi jukwaani. Lakini angalia mpango wake. Yusuf hawaambii siku ya kwanza. Anawataka wamlete ndugu yao mdogo. Safari ya pili kinapatikana kikopo cha mfalme katika mzigo wa yule mdogo, anabakishwa Misri, na baba yao kule nyumbani anapoteza mtoto wa pili mpaka macho yanakuwa meupe kwa huzuni. Ni safari ya tatu, wakiwa wamesimama wanaomba, na bidhaa yao haina thamani, ndipo anaponena. Na hasemi, "Mimi ni Yusuf." Anawauliza: mnakumbuka mliyomfanyia Yusuf na nduguye? Jina lake linatoka vinywani mwao wenyewe, tena kwa njia ya kosa lao. Wanamtambua yeye na kujitambua wao kwa pumzi moja. Baada ya hapo kila kitu kati yao kimegeuka: aliyetupwa kisimani ndiye mwenye chakula, na waliomtupa wako mikononi mwake. Anaweza kuwafanya lolote. Anasema leo hapana lawama juu yenu.

Na ile kanzu! Inapita mara tatu katika kisa kile kile: imepakwa damu ya uongo, kisha imechanwa nyuma, kisha inawekwa usoni pa baba na macho yanarudi. Ukitaka kujifunza namna ya kutumia kitu kimoja kama alama bila kumchosha msikilizaji, huna haja ya kwenda mbali.

Sasa twende kwa Wayunani, kwa kuwa wao ndio walioandika kanuni za jambo hili. Mwanafalsafa wao Aristotle, karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alisema utambuzi ni mtu kutoka katika kutojua na kuingia katika kujua, na kujua huko kukawapeleka watu kwenye mapenzi au kwenye uadui. Wengi wanakumbuka nusu ya kwanza tu. Mchezo wako nao una nusu hiyo moja: mama hakujua, sasa anajua. Nusu ya pili, ile inayouliza watakuwa nani wao kwa wao kuanzia dakika hii, haimo.

Aristotle alipanga pia utambuzi kwa daraja, na utambuzi wa alama za mwilini, makovu na mikufu, akauweka chini kabisa, akisema ndio unaotumiwa na waandishi waliokosa cha kufanya. Usivunjike moyo. Palepale akatoa mfano unaokuhusu moja kwa moja, wa kovu la Odysseus.

Odysseus, shujaa wa utenzi wa kale wa Kiyunani, amerudi kwake baada ya miaka ishirini, amejigeuza mwombaji, na nyumba imejaa watu wanaomtaka mkewe. Mkewe, kwa ukarimu, anamwamuru yaya mzee amwoshe miguu mgeni. Yaya huyo ndiye aliyemlea Odysseus. Mkono unapopapasa mguu unakutana na kovu la pembe ya nguruwe mwitu, alilolipata ujanani akiwinda. Anauachia mguu, unaanguka ndani ya beseni, beseni linapinduka, maji yanamwagika sakafuni. Odysseus anamkamata koo mama wa watu aliyemlea: nyamaza, ukisema tumekufa. Baadaye, kovu lile lile, Odysseus anawafunulia wachungaji wake wawili makusudi: haya, tazameni, mimi ndiye bwana wenu. Aristotle anasema ya kwanza ni bora kuliko ya pili. Kovu ni moja, mwili ni mmoja. Tofauti ni kwamba kule kwa wachungaji kovu linaletwa kama hati ya ushahidi, na kule kwa yaya linajitokeza lenyewe ndani ya jambo ambalo lingefanyika hata kama kovu lisingekuwapo. Mgeni lazima aoshwe miguu.

Wewe kovu lako liko upande wa wachungaji, tena pabaya zaidi, maana Odysseus angalau alikuwa na sababu ya kulionyesha. Kijana wako anakunja mkono wa shati kwa nini? Joto? Pemba ni joto tangu onyesho la kwanza na hakukunja. Anakunja kwa kuwa wewe mwandishi unataka kovu lionekane, na mtazamaji anakuona wewe nyuma ya mkono ule. Kicheko kimeanzia hapo.

Hata hadithi zetu za paukwa-pakawa zinalijua hili. Katika kisa cha Hasibu Karimu na Sultani wa Nyoka, kilichochapwa kutoka kwa wasimulizi wa Unguja mwaka 1870, Hasibu ana alama tumboni inayoonyesha kuwa amefika kwa Sultani wa Nyoka. Alama hiyo inaonekana wapi? Hamamuni, mahali ambapo mtu huvua nguo, na mahali ambapo alikatazwa asiende. Alikwenda. Aliyesimulia hakuhitaji Aristotle.

Nije kwa Oedipus, kwa sababu humo limo jambo ambalo mchezo wako unalihitaji kuliko kovu. Samuel Mushi aliitafsiri tamthilia hiyo ya Sophocles kwa Kiswahili mwaka 1971 na akamwita mfalme huyo Edipode. Itafute katika maktaba. Mji una maradhi, mfalme ameapa kumsaka aliyemuua mfalme wa zamani, na kila swali analouliza linamsogeza karibu na jibu kwamba muuaji ni yeye, na aliyemuua ni babake, na mke aliyemwoa ni mamake. Watu wa Athens waliokuwa wakitazama walikijua kisa hicho kama sisi tunavyokijua cha Yusuf.

Watu husifu sana ule mgeuko wa mjumbe: anatoka Corinth na habari ambazo kwake ni za faraja, anataka kumwondolea mfalme hofu, anasema usiogope, wale waliokulea hawakukuzaa, na faraja hiyo ndiyo inayommaliza. Ni kweli, ni ufundi mkubwa. Lakini mimi hukaa zaidi kwa Jocasta, mke. Yupo jukwaani mjumbe anaposema hayo. Hana mistari. Mjumbe na mfalme wanaulizana, mtoto ulimpata wapi, nani alikupa, na mwanamke yuko pembeni, na jambo zima limeshamwingia. Amejua kabla ya mwanawe. Halafu anamwomba: acha, usiulize tena, kama unayapenda maisha yako. Oedipus anadhani mkewe anaona haya kwamba pengine mumewe katoka ukoo wa watumwa. Anaendelea kuuliza. Mwanamke anaingia ndani.

Umeona lililofanyika? Utambuzi umegawanywa. Mmoja anajua, wa pili bado, na wote wawili wako mbele yetu. Muda huo kati ya kujua kwa mmoja na kujua kwa mwingine ndio utajiri wa kazi yetu, na wewe umeufuta kwa kuwafanya mama na kijana wajue kwa sekunde moja. Wayunani waliigiza wamevaa vinyago, hakukuwa na uso wa kutambuliwa wala jicho la kulengalenga machozi. Ilibidi kila kitu kipite katika maneno na vitu na nani anajua nini. Ndiyo maana walilifikiria jambo hili sana.

Basi tuuchukue mchezo wako. Kwanza kitu kidogo, lakini wazazi wa Wete watakushika hapo kabla ya kovu: mikarafuu ya mama iwe ya urithi, isiwe ya eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi, maana hizo hazikuwa za kuuza wala kuweka rahani. Magendo yako sawa. Karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na kila mtu Pemba anajua mnunuzi wa pembeni ni mtu wa namna gani.

Sasa, kijana wako anahitaji karatasi yenye dole gumba la mama. Hiyo ndiyo nia yake tangu anashuka chomboni. Acha utambuzi utoke katika karatasi hiyo. Mama hajui kusoma, kwa hiyo anataka asomewe mti kwa mti, na kijana lazima aandike mti kwa mti. Hapo una jambo ambalo lingefanyika hata kama wasingekuwa ndugu. Mama anataja: ule wa mpakani, ule ulioungua, ule wa baba. Akifika mti mmoja anasema, "Huo usiuandike." Kijana anaudhika, ndio mti mkubwa, unatoa pishi nyingi kuliko yote. Analazimisha. Mama anasema chini ya mti huo kimezikwa kitovu cha mwanangu. Mtu mwenye haya angenyamaza. Kijana wako ana tamaa, kwa hiyo anauliza, kwa kumbeza kidogo, "Na huyo mwanao yuko wapi, aje auchume?" Na mama anamjibu. Anamsimulia siku ile, pwani, chombo, yote.

Hakuna aliyemlazimisha kuuliza. Tamaa yake ndiyo iliyouliza, nayo ndiyo inayomjibu. Kwa hiyo huko nyuma, mapema sana, mpe kijana kitu kimoja kidogo alichoambiwa na aliyemlea Mombasa, kitu ambacho kwake hakina maana: jina la utani, au kwamba alipookotwa alikuwa ameshika nini. Kimoja tu, nacho kisemwe kwa kupitia, katikati ya mzaha, wakati mtazamaji anacheka jambo jingine. Mama akikitaja pale chini ya mkarafuu, kijana amejua. Mama hajajua. Naye mama, kwa kuwa amechoka na ana shida ya pesa, anasema haya basi, andika na huo, na anapeleka dole gumba kwenye wino.

Hapo mwache kijana ateseke. Karatasi iko mbele yake. Akinyamaza, amepata mikarafuu yote na amemwibia mama yake. Akisema, atalazimika kusema pia alikuja kufanya nini. Usimwandikie maneno ya kujisemea peke yake. Wazazi wanajua tayari, na kwa mara ya kwanza kujua kwao kuna kazi: wanamwangalia yeye ataamua nini. Naapa hakuna atakayecheka. Pengine bibi mmoja mstari wa mbele atapaza sauti, "Mwambie, we!" Kwetu hadhira husema, na hiyo ni tunu, wafundishe wanafunzi wako wasiwajibu na wasiharakishe, wangoje tu.

Kovu usilitupe. Kijana ananyoosha mkono kuizuia karatasi, mama anadhani anaibiwa, anaukamata mkono huo kwa kidole chenye wino. Mkono wa shati unapanda kwa kuvutwa. Sasa kovu lina sababu, na mama ameweka dole lake juu yake badala ya kuliweka juu ya rahani. Kovu limeshuka daraja: halimjulishi mtazamaji lolote, linamjulisha mama peke yake, na limekuja la pili, baada ya kijana kujua.

Hotuba ya mama, ile ndefu uliyoniambatanishia, ikate. Ndani yake anasema umri wa mtoto alipopotea, anasema alivyomtafuta, anasema machungu ya mzazi, na anamshukuru Mungu, yote akiwa amemkumbatia mtu. Hayo ya umri na kutafuta yameshasemwa chini ya mti. Machungu ya mzazi, kila aliyekaa pale anayo yake. Mbakishie mstari mmoja au miwili, tena yawe maneno ya mambo madogo. Mama wa Pemba aliyempata mwanawe baada ya miaka hiyo yote anaweza kabisa kumuuliza kama amekula.

Utaambiwa na watu wa maigizo ya siku hizi umvike mtu nikabu kisha aivue mwishoni. Achana na hilo. Limetumika mno, na lina kasoro ile ile ya shati: mtu anavua kwa sababu muda wa onyesho umekwisha.

Kuhusu kuficha, kwa kuwa ndilo lililokuwa swali lako, kuna hadithi zinazostahili kufichwa, na fundi wake ni mtu wa hapa hapa, Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi. Bwana Msa wake, yule mpelelezi, tangu ile riwaya ya 1960, Mzimu wa Watu wa Kale, anavuta kiko na kujua mambo ambayo rafiki yake Najum hayajui na msomaji hayajui, na raha yetu ni kufumbuliwa. Lakini tazama: Bwana Msa mwenyewe hageuki kwa kujua. Siri ikishafumbuka anaweza kwenda zake. Katika fumbo anayepaswa kushangaa ni msomaji. Katika mchezo wako anayepaswa kushangaa ni kijana. Ukichanganya hizo mbili, ukamficha mtazamaji jambo mpaka mwisho, atautumia mchezo mzima kubuni nani ni nani, na hatapata nafasi ya kumwogopea mtu.

Sasa la kifo. Mwenzako ananikumbusha wale wanaoamini kwamba mchezo bila maiti ni wa watoto. Zipo kazi ambamo ukweli unakuja kwa kuchelewa makusudi: Othello wa Shakespeare anaelezwa ukweli wa ile leso iliyomfanya adhani mkewe si mwaminifu wakati Desdemona, mkewe huyo, ameshakufa mikononi mwake, na kuchelewa huko ndiko msiba wenyewe. Lakini huko kifo kinatangulia kujua. Mwenzako anataka kifuate. Mama akifa kwa mshituko, kijana anapata kulia, anasamehewa na hadhira, na hajibu chochote. Karatasi inakuwa haina maana. Aristotle mwenyewe, katika hesabu yake ya namna nne za tendo baya kati ya jamaa, alikisifu zaidi kisa ambacho mtu yuko karibu kulitenda bila kujua, akatambua, akaacha. Kijana wako yuko hapo hasa. Wazazi wa Wete watakwenda nyumbani wakibishana kama mama angemsamehe au la, na hilo lina faida kuliko kuwazikia mtu jukwaani.

Kwa hiyo mama aishi. Na kabla hujagusa onyesho la mwisho, andika kwanza ukurasa mmoja ambao hutauigiza: asubuhi ya pili, wawili hao wanakunywa chai na mkate wa ajemi, na karatasi ipo ndani ya nyumba. Nani anaitaja? Kijana anamwita nani, "mama" au bado "bibi"? Anaondoka na chombo cha saa ngapi, au haondoki? Ukiweza kuuandika ukurasa huo bila mmoja wao kulia, rudi sasa kwenye onyesho la mwisho ulipange upya. Niletee vyote viwili, ukurasa na onyesho, mistari ya mama kwa wino wa rangi nyingine, nione umekata kiasi gani.